Kabla ya Siku ya Kesi: Hotuba kwa Wanaoanza Kazi na Wanaowasimamia

Ndugu wasimamizi, ndugu wawakilishi wa wafanyakazi, na ninyi vijana mnaoanza ajira, ambao kwa kweli ndio wenye mkutano huu,

Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie haki na wajibu kazini. Nimekaa miaka mingi kwenye meza za usuluhishi, kwanza upande wa wafanyakazi na baadaye katikati, na huko ndiko nilikojifunza ninayokuja kuwaambia leo. Kesi nyingi za kazi hazipotei siku ya kesi. Zinapotea mapema zaidi, siku ambayo hakuna aliyekuwa na hasira na mwenzake. Zinapotea siku mtu alipotia sahihi asichokisoma, mwezi alipopokea mshahara pungufu akanyamaza, asubuhi alipopewa onyo la mdomo akaitikia "sawa bosi" na asiandike popote. Upande wa mwajiri ni vivyo hivyo. Anayaachia makosa ya mtu yapite mwaka mzima bila barua hata moja, kisha siku moja anachoka na kumfukuza kabla ya saa sita mchana, halafu anashangaa kuambiwa hakufuata utaratibu.

Kwa hiyo leo nitazungumzia zile siku za kawaida.

Tuanze na siku ya kutia sahihi. Siku hiyo mtu ana furaha. Ametafuta kazi muda mrefu, nyumbani wanasubiri habari njema, na ofisa utumishi amemsogezea karatasi na kalamu huku wengine wakingoja zamu yao nje ya mlango. Hapo ndipo watu hutia sahihi kurasa ambazo hawakuzifungua. Nawasihi, ombeni muda wa kusoma. Mwajiri makini hakasirishwi na ombi hilo, na anayekasirika amewapa habari muhimu kabla hamjaingia kwake.

Mkishapata muda, tazameni kwanza jina kamili la mwajiri. Wapo watu waliofanya kazi miaka, na siku ya kudai hawajui wamdai nani: kampuni iliyoandikwa kwenye bango la getini, wakala aliyewaleta, au yule bwana aliyekuwa akiwalipa mkononi kila Jumamosi. Tazameni tarehe ya kuanza, na kama mkataba una mwisho, tarehe ya mwisho. Kipindi cha majaribio kina urefu gani? Saa za kazi ni ngapi kwa siku na ngapi kwa wiki? Mshahara unalipwa lini, posho zipi zimo ndani yake na zipi haziko? Notisi ya kuvunja mkataba ni ya muda gani, na je, inawabana ninyi peke yenu au inawabana wote wawili? Kisha kuna lile sharti ambalo halikosekani: "na majukumu mengine utakayopangiwa". Si sharti baya lenyewe, kwa sababu hakuna kazi inayoenea yote kwenye karatasi. Lakini ulizeni mifano. Karani aliyeajiriwa kutunza kumbukumbu asije akajikuta kila siku anapakua mizigo, na anapolalamika anaonyeshwa mstari huo mmoja.

Mkishatia sahihi, ondokeni na nakala yenu. Msiiache kwenye droo ya ofisini. Mtu anaposimamishwa kazi husindikizwa hadi getini, na droo hubaki ndani.

Najua wapo hapa wasio na karatasi yoyote, walioajiriwa kwa mdomo. Msidhani hamna haki. Katika mifumo mingi ya sheria makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Shida yake iko kwenye ushahidi. Tunzeni basi kila kinachoonyesha kwamba mlifanya kazi: ujumbe wa simu wa kupangiwa zamu, kitambulisho cha kazini, risiti za malipo, orodha ya mahudhurio. Na kuna wengine ambao karatasi wanayo, ila imeandikwa kwamba wao si waajiriwa, ni "wakandarasi" au "washirika". Saa za kuingia wanapangiwa, nguo za kazi wanapewa, ruhusa wanaomba, wakichelewa wanakatwa, lakini ikifika kwenye likizo na bima wanaambiwa wao wanajitegemea. Mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo kuhusu jambo hili hili, kwamba uhusiano wa ajira utambuliwe kwanza kwa kuangalia hali halisi, yaani kazi inafanywaje na malipo yanatolewaje, bila kujali pande mbili zimeupa jina gani. Msuluhishi mzuri huanzia hapo. Anauliza nani anampangia saa, nani anamiliki vifaa, nani anabeba hasara kazi ikiharibika.

Zipo pia haki ambazo hata ukizitilia sahihi kwamba umeziacha, sahihi hiyo haina nguvu. Mkataba wa kimataifa wa shirika hilo hilo kuhusu likizo yenye malipo, wa mwaka 1970, unaweka kiwango cha chini cha wiki tatu za kazi kwa kila mwaka wa utumishi, na unasema makubaliano ya mfanyakazi kuiacha likizo hiyo ya chini ili alipwe fedha au kitu kingine ni batili. Walioiandika kanuni hiyo waliijua dhiki. Walijua kwamba mtu mwenye deni atauza mapumziko yake, atauza na yanayofuata, mpaka mwili ukatae. Kumbukeni tu kwamba mkataba wa kimataifa unaifunga nchi iliyouridhia, na kila nchi ina sheria zake za kazi zinazoweza kutoa zaidi ya hapo. Zitafuteni sheria za mahali mnapofanyia kazi na mzisome.

Na mtu akiwaambia mtoe kwanza fedha kidogo ndipo mpate kazi, au kwamba mshahara wa mwezi wa kwanza ni wa yule aliyewaunganisha, jueni kwamba mkataba wa kulinda mshahara wa mwaka 1949 unakataza makato ya namna hiyo waziwazi. Hiyo ni rushwa, hata ikiitwa ada.

Sasa mshahara wenyewe. Kila mwezi slipu inatoka, na wengi tunaitazama namba moja tu, ya chini kabisa. Nawaomba msome kutoka juu. Mshahara wa msingi ni ule mliokubaliana? Saa za ziada zimehesabiwa zote, na kwa kiwango cha saa za ziada? Kila kato lina jina? Kato lililoandikwa "mengineyo" liulizwe siku hiyo hiyo, kwa upole na kwa maandishi. Kisha linganisheni makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii na taarifa ya mfuko wenyewe. Nimeona watu waliokatwa miaka kadhaa, slipu zao zote zinaonyesha, na walipofika umri wa kustaafu wakakuta fedha hazikupelekwa. Kosa hilo lingeweza kugunduliwa katika miezi mitatu ya kwanza na mtu yeyote aliyeomba taarifa yake.

Lakini saa zina pande mbili, na hapa naomba vijana mnivumilie. Saa nane kwa siku hazikuja zenyewe. Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakizidai, na mjini Chicago damu ilimwagika. Mei Mosi tunayoiadhimisha imetokana na madai hayo. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa: viwandani zisizidi 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Anayejua saa hizo zilidaiwa kwa gharama gani hawezi kuona ni jambo dogo kumsainia mwenzake kwenye daftari la mahudhurio. Mkifanya hivyo mnaiba, na tena mnaharibu ushahidi wa wote. Siku mwenzenu atakapodai saa za ziada kwa haki kabisa, mwajiri atatoa daftari lile na kuthibitisha kwamba haliaminiki. Atakuwa anasema kweli.

Nakuja kwenye usalama, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu hapa watu hufa.

Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, moto uliwaka kwenye kiwanda cha nguo kilichokuwa ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana na wanawake vijana, wengi wahamiaji. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya sita tu. Lakini jambo ambalo dunia haikuweza kulisahau ni mlango. Kulikuwa na mlango wa kutokea uliofungwa kwa ufunguo, na mazoea ya kufunga milango yalikuwa ya kuzuia wafanyakazi wasitoke kabla ya wakati na wasitoroke na vitambaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa jirani siku hiyo, Frances Perkins, aliwaona wakiruka kutoka madirishani. Mwaka 1933 akawa waziri wa kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo.

Msiseme hayo ni ya zamani. Tarehe 24 Aprili 2013, karibu na jiji la Dhaka huko Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifunga. Washonaji wa viwanda vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake, na wako waliotishiwa kukatwa mshahara. Nyufa waliziona wote. Wenye benki waliweza kukaa nyumbani. Washonaji hawakuweza, kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwasemea wala uhakika wa mshahara wakikataa kupanda ngazi.

Ndiyo maana naithamini sana ibara moja ya mkataba wa usalama na afya kazini wa mwaka 1981. Inasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya papo hapo kwa maisha au afya yake, alindwe asipatwe na madhara yasiyostahili kwa uamuzi huo. Yaani una haki ya kutoka kwanza, ubishi ufuate ukiwa hai. Mkataba huo huo unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwajiri anayekata mshahara kununua viatu vya kazi, kofia ngumu au barakoa anaukiuka. Na mwaka 2022 mazingira salama na yenye afya yaliingizwa rasmi katika kanuni na haki za msingi kazini za Shirika la Kazi Duniani, pamoja na uhuru wa kujiunga, kukomeshwa kwa kazi za shuruti, kukomeshwa kwa ajira ya watoto na kukomeshwa kwa ubaguzi.

Hata hivyo mkataba huo huo umeandika pia kwamba wafanyakazi washirikiane na mwajiri katika usalama. Niwaonyeshe maana yake kwa karibu. Mashine ya kukatia ina kikinga cha chuma mbele ya kisu. Kikinga kinapunguza kasi, kwa sababu lazima ukiinue kila unapoweka malighafi. Kazi inalipwa kwa idadi ya vipande. Basi mfanyakazi mzoefu anakifungua kwa bisibisi asubuhi, anakiweka chini ya meza, na jioni anakirudisha kabla mkaguzi hajapita. Msimamizi anajua. Kijana mgeni anayefundishwa kazi siku hiyo anafundishwa bila kikinga, na kwake hiyo ndiyo inakuwa namna ya kufanya kazi. Ajali ikitokea, nani mwenye kosa? Kwa hesabu yangu, wa kwanza ni aliyepanga malipo ya vipande kwa kiwango ambacho hakifikiki bila kufungua kikinga. Wa pili ni msimamizi aliyejua. Lakini yule mzoefu naye hatoki humo, kwa sababu alimfundisha mtoto wa mwenzake kuweka mkono mbele ya kisu. Wazoefu mliomo humu, wageni wanawaangalia ninyi kuliko wanavyosoma mabango ya ukutani.

Andikeni taarifa za hatari. Kitabu cha ajali kisiandikwe ajali peke yake. Kiandikwe na zile zilizokaribia kutokea. Boriti iliyodondoka pasipokuwa na mtu ni habari kamili.

Sasa nizungumzie siku ya kikao cha nidhamu, siku inayotisha wengi. Nitawasimulia kimoja nilichokihudhuria. Mtunza stoo alishutumiwa kwamba mali imepungua. Aliitwa asubuhi, kikao kikaanza saa mbili baadaye. Hakupewa hesabu za stoo azione. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mtu yule yule aliyegundua upungufu na kuandika shutuma. Mtunza stoo akaulizwa swali moja, "Mali iko wapi?", akasema hajui, na kabla ya chakula cha mchana barua ilikuwa tayari. Ilipofika kwenye usuluhishi tukaomba karatasi moja tu: orodha ya wenye funguo za stoo. Walikuwa wanne.

Sijui hadi leo kama mtu yule alichukua kitu. Huenda alichukua. Lakini kikao kile hakikuwa na njia ya kulijua hilo, na mwajiri aliyekiendesha kwa haraka alijinyima ukweli alioutaka mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1982 kuhusu kusitisha ajira, ambao si nchi zote zimeuridhia lakini misingi yake imeingia katika sheria za nchi nyingi, unataka mambo mawili makubwa. Kwanza, iwepo sababu halali, inayohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Pili, asifukuzwe kwa mwenendo au utendaji wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea, isipokuwa pale ambapo haiwezi kutarajiwa mwajiri ampe nafasi hiyo. Nafasi ya kujitetea maana yake apewe shutuma kwa maandishi, apewe siku za kutosha kujiandaa, aone ushahidi, aje na mwenzake au mwakilishi wa chama, asikilizwe na mtu ambaye hajaamua tayari, na apewe uamuzi wenye sababu pamoja na njia ya kukata rufaa.

Mkataba huo unataja pia yasiyoweza kuwa sababu: kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria, rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ujauzito, na kutokuwepo kazini kwa likizo ya uzazi. Kutokuwepo kwa muda kwa ugonjwa au kuumia nako si sababu halali. Mama anayerudi kutoka likizo ya uzazi akakuta meza yake ina mtu mwingine na yeye hana kazi, hajapata bahati mbaya. Amevunjiwa haki, na asikubali kuambiwa vinginevyo.

Wasimamizi, naomba mnisikie vizuri hapa. Utaratibu haukuwekwa kuwalinda wavivu. Mtoro anayejulikana na kila mtu anaweza kuondolewa kwa haki kabisa, mkianza mapema: mazungumzo ya kwanza yaandikwe, onyo la kwanza litaje kosa, tarehe na muda wa kujirekebisha, la pili vivyo hivyo. Mkifanya hivyo nusu ya watu watajirekebisha, kwa uzoefu wangu wa kukaa nao, na watakaobaki hawatakuwa na la kulalamikia. Mnachokosea ni kunyamaza miezi kumi na kulipuka mwezi wa kumi na moja.

Na wewe unayepewa barua ya onyo, usiichane wala usikatae kuipokea. Kuipokea si kukiri. Andika chini yake "nimepokea, sikubaliani na maelezo", weka tarehe, kisha jibu kwa barua ndani ya siku ulizopewa. Kama kosa ni lako, liseme, na useme utafanya nini. Nimeona wakuu wa idara wakibadilika sura kabisa mbele ya mtu aliyesema "ni kweli nilichelewa mara tatu, hii ndiyo sababu, na kuanzia Jumatatu nimepanga hivi".

Kuna madhara mengine yanayotokea kazini ambayo hayaachi damu. Mwaka 2019 ulipitishwa mkataba wa kukomesha ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, na uzuri wake ni upana. Unawagusa wanaotafuta kazi, walio kwenye mafunzo, wanaojitolea, na hata waliokwisha kuachishwa. Unafika kwenye safari za kikazi, kwenye makazi yanayotolewa na mwajiri na kwenye ujumbe wa simu. Msimamizi anayemwandikia binti wa mafunzo saa nne usiku kwamba alama zake "wataziongelea wakiwa wawili" yuko kazini bado, na ananyanyasa. Rushwa ya ngono haina jina la upole. Anayeombwa asifute ujumbe. Auhifadhi, aandike tarehe na waliokuwepo, amwambie mtu mmoja anayemwamini siku hiyo hiyo, kwa sababu shahidi wa siku hiyo ana uzito mkubwa. Na wenzake waliosikia wana wajibu. Kunyamaza kwao ndiko kunakompa yule msimamizi ujasiri wa kuandika tena.

Kuhusu chama cha wafanyakazi nitasema kifupi. Uhuru wa kujiunga na haki ya majadiliano ya pamoja viliwekwa katika mikataba ya mwaka 1948 na 1949, na vinabeba haki nyingine karibu zote nilizozitaja, kwa sababu mtu mmoja akidai ni mlalamishi na watu mia wakidai ni upande wa mazungumzo. Lakini nimechoka na wanachama wanaojua chama siku ya kufukuzwa tu. Hudhurieni mikutano ya tawi. Usomeni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, uliosainiwa kwa jina lenu. Mkiona viongozi wamelala, wachagueni wengine.

Wajibu wenu mwingine mnaujua, nao ni mzito ingawa nitaupitia haraka: kufanya kazi mliyolipwa kuifanya, kutii maagizo halali, kutunza mali na siri za kazi, kutomfanyia kazi mshindani wa mwajiri kwa siri, kutoghushi cheti. Nimesema maagizo halali. Mhasibu anayeambiwa abadilishe tarehe ya hati hana wajibu wa kutii, na akitii atasimama peke yake mahakamani, maana aliyemwagiza hakuandika. Aombe agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi hufutwa hapo hapo. Na mkiacha kazi, toeni notisi, kabidhini vifaa kwa orodha yenye sahihi mbili, chukueni cheti cha utumishi na mmalizane malipo yenu ya mwisho.

Nimalizie na jambo ambalo huwa halitajwi kwenye mikutano kama hii. Wengi wenu mtakuwa waajiri kabla hamjawa mameneja. Mtamwajiri mtu nyumbani, alee watoto wenu na kufua nguo mnazovaa mkienda kudai haki zenu. Wengine tayari mnaye, na ameamka kabla yenu leo. Mkataba wa wafanyakazi wa nyumbani wa mwaka 2011 unasema naye ni mfanyakazi. Ajulishwe masharti ya kazi yake kwa namna anayoielewa. Awe na mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na siku ya kupumzika asilazimike kubaki ndani. Vitambulisho na hati zake za kusafiria vikae mikononi mwake. Mshahara wake ulipwe moja kwa moja kwake, angalau mara moja kwa mwezi.

Yote niliyowaambia kuhusu slipu, saa, onyo na nafasi ya kujitetea yanamhusu yeye pia, na mbele yake ninyi ndio ofisa utumishi, ndio msimamizi, ndio kamati ya nidhamu. Mkirudi nyumbani jioni hii kaeni naye mezani, mkubaliane saa zake, siku yake ya mapumziko na tarehe yake ya mshahara, muandike, kila mmoja abaki na nakala. Na kama kuna mwezi hamjamlipa, mlipeni leo.

Asanteni sana. Karibuni kwa maswali.